Kibanio cha Kumi

Wifi yangu hajawahi kuruka kutoka kwenye ndege. Hata kupanda stuli kubadilisha balbu hapandi. Humwita kaka yangu, na kaka akiwa hayupo tunakaa na giza letu mpaka arudi. Lakini kwa miaka ishirini na minne kazi yake imekuwa kuwafungia watu parachuti ya akiba, ile ya pili, ambayo mrukaji huibeba mgongoni huku akiomba asije akaihitaji.

Parachuti kuu kila mrukaji huikunja mwenyewe, sakafuni, huku akipiga soga na wenzake. Ya akiba haruhusiwi kuigusa. Hiyo hukunjwa na fundi mwenye leseni, kila baada ya miezi sita, iwe imetumika au haijatumika. Akimaliza, fundi hupitisha uzi mwekundu mwembamba kwenye pini inayofunga begi, akaubana kwa kipande cha madini ya risasi, kidogo kama punje, kisha akakiminya kwa koleo lenye namba yake. Uzi ule hauna nguvu. Mtu akivuta mpini wa dharura, unakatika kama unywele. Unachosema ni kimoja tu: tangu mwenye namba hii alipofunga, hakuna mkono mwingine ulioingia humu.

Kwa sababu ya uzi huo, pale klabuni wanamwita Mama Uzi. Mimi ni karani wa kumbukumbu wa klabu hiyo hiyo. Kila begi analofunga naliandika kwenye daftari kubwa: tarehe, namba ya begi, namba ya koleo, sahihi. Nimeiona sahihi yake ikibadilika pole pole, kutoka ile ya msichana iliyojaa mikia, hadi hii ya sasa, ambayo ni mstari na nukta.

Alianza kama mshonaji katika kiwanda cha mahema. Siku moja walimtuma uwanja wa ndege kuziba hema lililopasuka, na fundi wa wakati ule, mzee mmoja mkali ambaye sijui kama aliwahi kucheka, alisimama nyuma yake akamwangalia akishona mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kama angependa kujifunza kazi isiyo na shukrani. Wifi alidhani anatania. Miezi miwili ya kwanza alikunja na kukunjua parachuti moja, ile ile, na neno pekee alilolisikia ni "Rudia." Mzee alipostaafu alimwachia meza, madirisha mawili makubwa, na ubao.

Ubao huo ndio moyo wa chumba. Umetundikwa ukutani mkabala na meza ndefu, na kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi: mkasi, pini ya muda ya kushikia begi kabla ya ile ya kudumu, vipande vya kushindilia kitambaa, vibanio kumi vya kushikia kamba zisichanganyike wakati wa kukunja. Kila kibanio kimefungwa utepe mwekundu wenye urefu wa kiganja. Wifi hahesabu kwa mdomo. Kabla ya kupiga muhuri, hurudisha kila kitu ubaoni, akainua macho. Kama kuna umbo jeusi linalomtazama, hapigi muhuri. Amefanya hivyo mara elfu tatu na kitu. Daftari ninalo mimi.

Katika hizo elfu tatu na kitu, zilizofunguka angani kwa shida ya kweli ni kumi na moja. Nyuzi zilizokatika za hizo kumi na moja anazo kwenye kopo la zamani la chai, na wenye kuokoka wanne tu ndio waliorudi kumshukuru. Mmoja alimletea sabuni.

"Sabuni!" kaka husema kila akikumbuka. "Mtu umemrudisha duniani, anakwambia uoge."

Wifi hucheka kidogo hapo. Zamani alikuwa akicheka sana.

Meneja wetu ni mgeni. Ana mwaka mmoja tu, na alitoka kwenye biashara ya kukodisha magari, ambako, nadhani, vitu vikioshwa vikang'aa vinakuwa vizima. Alipokuja aliamua majengo yote yapakwe rangi kabla ya msimu kuanza. Mara tatu wifi alimwandikia kwamba chumba chake kisiingiwe bila yeye kuwepo, na kwamba anaomba kitasa chenye ufunguo. Barua zote tatu nilizipiga muhuri wa "imepokelewa" na kuziweka kwenye faili, na humo zimelala.

Jumanne ya wiki ninayoisimulia, wapaka rangi waliingia chumbani asubuhi kabla hajafika. Ubao waliushusha, wakauegemeza nje ukutani, na vifaa vyote wakavitia kwenye karai la plastiki juu ya meza. Wifi alipoingia alisimama mlangoni kama mtu aliyekuta msiba.

"Ubao wangu uko wapi?"

"Rangi haijakauka, mama. Kesho kutwa tunaurudisha."

Meneja alikuwa nyuma yao na orodha mkononi. Jumamosi kulikuwa na kundi la wageni sita, la kwanza la msimu, na mabegi yao sita yalikuwa yamepitwa na tarehe. "Mama Uzi, nakuomba," alisema, "hayo sita yawe tayari Alhamisi. Usianze habari za ubao sasa. Vifaa si hivyo hapo? Vyote vimo."

Jioni ile alivihesabu karaini, vikatimia. Jumatano akafunga mabegi matatu. Alhamisi akafunga matatu. Begi moja, likifanywa sawasawa, ni saa tatu au zaidi: kuitundika parachuti na kuitazama dhidi ya mwanga paneli kwa paneli, kuvuta kila kamba, kukunja, kukandamiza hewa kwa magoti, kuingiza kwenye mfuko wa ndani, kushindilia springi ya kile kiparachuti kidogo kinachoivuta kubwa nje, kufunga, kupiga muhuri. Meneja alikuwa akipita mlangoni kila mara akitazama saa yake. Kila begi lilipokwisha, wifi aliinua macho ukutani kama alivyozoea. Ukuta ulikuwa mtupu, mweupe, unanukia rangi. Hakuna umbo jeusi lililomtazama. Akapiga muhuri.

Hilo ndilo kosa lake, na hajawahi kulikana. Macho yalifanya kazi yao, yakakuta hakuna pengo, kwa sababu hapakuwa na ubao wa kuonyesha pengo.

Alhamisi saa kumi jioni waliurudisha. Alitundika mkasi, pini ya muda, vipande vya kushindilia, kisha vibanio. Nilikuwa nimeingia na daftari ili anitilie sahihi za siku mbili. Nikamwona amesimama, mikono imeshuka, anatazama ukutani.

"Wifi," akaniita, bila kugeuka. "Hebu njoo uniambie unaona nini."

Niliona vibanio tisa vyenye tepe nyekundu, na umbo moja jeusi, la saba kutoka kushoto.

Tulitafuta. Tulilala chali chini ya meza. Tulikung'uta karai, tukapekua mapipa ya takataka, tukawapigia simu wapaka rangi. Wifi aliuliza mtu mmoja mmoja, kuanzia Meneja hadi mlinzi wa getini: "Umeona kibanio chenye utepe mwekundu?" Kila mtu alisema hapana. Nami nilisema hapana.

Kama hakipo chumbani, basi huenda kimo ndani ya moja ya yale mabegi sita, na lipi kati yao, hakuna ajuaye. Kibanio kikisahaulika kimeng'ata kamba, parachuti inatoka kwenye begi ikiwa imefungwa mdomo. Mtu anavuta mpini, uzi unakatika, pini inachomoka, kila kitu kinatii, ila mwavuli haukunjuki.

Wifi alimwambia Meneja kwa sentensi moja. "Yote sita nayafungua."

"Kesho Ijumaa," Meneja alisema. "Ukiyafungua, utayafunga lini?"

"Matatu Jumatatu. Matatu Jumanne."

"Na Jumamosi je?"

"Jumamosi hawaruki."

Meneja alikaa kwenye ukingo wa meza ndefu, ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuikalia. Wifi alimtazama mpaka akainuka. Akatoka, na baada ya dakika chache akarudi na mlinzi, ambaye alikuwa ameshika kile kifimbo cha kupekulia watu getini, kinacholia kikipata chuma.

"Tusiharibu kazi bure," Meneja alisema. "Tupitishe hiki juu ya kila begi. Kikilia, tunafungua hilo moja."

Mlinzi alikipitisha juu ya begi la kwanza. Kikalia.

"Hapo!" Meneja akasema.

"Hiyo ni springi," wifi akasema.

Kikalia tena.

"Hizo ni pete za kupitishia kamba."

Kikalia kwa nguvu zaidi.

"Na hapa?"

"Hapo ni mkanda wako, Meneja. Sogea nyuma."

Mlinzi aliinamisha kichwa ili asionekane anacheka. Meneja alimwita mwalimu wa kuruka, bwana mmoja mwenye mwili wa kabati ambaye wanafunzi wake wamempa jina la Unyoya.

"Unyoya, wewe ndiye unayeruka nao. Ungevaa begi kati ya haya?"

Unyoya alimtazama Meneja, akamtazama wifi, akatazama dari iliyopakwa rangi mpya. "Mimi mtu wa kushuka tu, bosi," alisema. "Mambo ya kufunga waulizeni wafungaji." Akaondoka kwa miguu myepesi sana kwa mtu wa uzito wake.

Hapo ndipo Meneja alipokasirika. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Sawa, Mama Uzi. Fungua. Lakini tusikilizane. Ukikikuta humo, nitakushukuru mbele ya watu wote. Usipokikuta, Jumatatu asubuhi unaniwekea koleo lako mezani. Nitatafuta fundi ambaye akisema amefunga, amefunga."

Wifi alijipapasa mfukoni, mahali koleo lilipokuwa, ndani ya kifuko alichokishona mwenyewe. "Nimesikia," akasema. Aliyaingiza mabegi sita kabatini, akafunga, akaweka ufunguo kifuani. Mwanga ulikuwa unakwisha, na kitambaa hakikaguliwi kwa taa.

Nyumbani, kaka alikuwa varandani, ametandaza matumbo ya friji ya mtu kwenye gazeti. Yeye ni fundi wa majokofu. Nilimweleza mimi, maana mke wake alipita moja kwa moja jikoni, tukasikia anatoa vijiko kwenye droo na kuvirudisha.

"Kibanio kimoja tu?" kaka aliuliza kwa sauti ya kumfikia jikoni. "Mimi kila friji ninayofungua inabaki na skrubu moja au mbili. Na zinagandisha vizuri kabisa!"

Vijiko vikanyamaza. Wifi akatokea mlangoni.

"Friji yako haina mtu ndani, mume wangu."

"Nakutania, mama."

"Najua. Na mimi nakujibu."

Baadaye kidogo alikuja akakaa nasi. Kaka aliacha bisibisi, akamwuliza kwa upole kwa nini asiyafungue mawili, yale aliyoyafunga kwa haraka zaidi, ayaache mengine. Wifi alisema hakumbuki lipi alilifunga kwa haraka zaidi. Yote anayakumbuka sawa, na hilo ndilo linalomtisha. "Nikiyafikiria, naona kila moja nimelifanya vizuri," alisema. "Sasa nimwamini nani? Huyu anayekumbuka ndiye yule yule aliyetazama ukuta mtupu akasema kumetimia."

Kaka alianza kuokota skrubu zake kwenye gazeti, akizihesabu.

Ijumaa asubuhi nilikaa naye chumbani kwa sababu kufungua muhuri kunahitaji shahidi wa kuandika. Alivaa koti lake jeupe, akavua pete, akaweka begi la kwanza mezani, akashika mpini wa dharura na kuvuta. Uzi ulikatika kwa sauti ndogo sana, na kile kiparachuti chenye springi kikaruka juu kama kitu kilichoshtushwa usingizini. Nilikuwa sijawahi kumwona akikata uzi wake mwenyewe ambao haujamaliza hata siku mbili.

Alitoa mfuko, akatandaza kamba, akazifuata kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akafungua kitambaa kunjo baada ya kunjo. Hakuna kitu. Kila kunjo lilikuwa limekaa kama kurasa za kitabu kipya. Akaitundika parachuti ukutani, akasema, "La pili."

La pili hakuna. La tatu hakuna. Kwenye la nne aliingiza mkono, akasimama ghafla, nami nikasimama. "Pete ya kamba," akasema, tukakaa. La tano hakuna.

Wakati huo saa tano ilikuwa imepita, na mimi nilikuwa nimeanza jambo ambalo mpaka leo linanitia haya. Nilikuwa naomba kiwemo. Nilikuwa natamani kwa moyo wote kwamba ndani ya begi la sita kuwe na kipande cha chuma ambacho kingemwua mgeni nisiyemjua kesho yake, ili wifi yangu abaki na koleo lake. Nilimtazama usoni, nikaona na yeye anaomba hivyo hivyo, na anajichukia.

La sita hakuna.

Alikaa kwenye kiti chake, parachuti sita zikining'inia ukutani kama nguo za ukoo mzima zilizofuliwa kwa pamoja. Kazi ya siku mbili, nzuri, isiyo na doa, ameivunja kwa mikono yake.

"Nenda ukawapigie simu," akaniambia. "Waambie wasije."

Nilirudi ofisini kwangu. Fomu za wale wageni sita zilikuwa mezani, Meneja alikuwa ameniletea tangu Jumatano zikiwa zimebanwa pamoja. Nilichomoa ya kwanza, nikapiga. Yule bwana aliuliza kama klabu yetu ni ya watu wazima. Wa pili alisema amekwisha omba ruhusa kazini, na kwamba huyo mama wa kufunga apewe msaidizi mwenye macho. Wa tatu alikata simu. Nilikuwa nachomoa fomu moja moja, nikipiga, nikiomba radhi, nikichomoa nyingine. Wa sita, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alisema haya, basi, tutakuja siku nyingine, na sikujua nimshukuru vipi.

Nilipochomoa fomu yake, kibanio kilibaki mkononi kitupu. Nilikuwa nimekaa nacho mezani siku tatu. Kilikuwa kibanio tu, cha chuma, kama vya dukani. Lakini pembeni kilikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu kulikuwa na nyuzi mbili tatu nyekundu zilizokatwa. Nikakigeuza. Kwa ndani, kwa mkono wa yule mzee mkali, kilikuwa kimechongwa namba saba.

Sikumbuki kutembea kutoka ofisini hadi chumba cha wifi. Nakumbuka nilifungua kiganja mbele yake, nikasema, "Kilikuwa kwangu. Kwenye fomu. Meneja ndiye aliyezileta hivyo. Wifi, nimekaa nacho siku tatu."

Alikigeuza, akaitazama ile saba. Hakunilaumu, na hakunifariji pia. Alikichukua, akaenda ofisini kwa Meneja, nami nikamfuata.

Meneja alikuwa mbele ya feni, karatasi zake zote zimewekewa mawe na vikombe zisipeperuke.

"Hiki?" alisema. "Hiki si kibanio tu? Kilikuwa kwenye karai na vile vikorokoro vingine."

"Jana nilikuuliza."

"Uliniuliza chenye utepe mwekundu. Hiki hakina utepe."

"Utepe wake uko wapi?"

Meneja alitazama pipa lake la takataka, ambalo lilikuwa limekwisha mwagwa. "Niliukata. Ulikuwa unanaswa na feni." Kisha akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta mlango wa kutokea. "Basi, yaishe. Si kimepatikana? Maana yake humo hakikuwemo. Kesho tungeruka tu, Mama Uzi. Hakuna ambaye angekufa."

Nilingoja wifi amjibu. Nilikuwa na majibu yangu kumi tayari. Lakini aliitikia kwa kichwa pole pole, kwa sababu Meneja alikuwa amesema kweli.

"Ndiyo," alisema. "Hakuna ambaye angekufa."

Tulirudi chumbani. Alikata utepe mpya, akaufunga kwenye kibanio cha saba, akakitundika. Umbo jeusi likatoweka. Kisha akaniambia nifungue daftari, maana kila begi likifunguliwa kabla ya tarehe yake lazima sababu iandikwe, na daftari hilo mkaguzi hulisoma kila mwaka.

Meneja alikuwa ametufuata hadi mlangoni. "Andika ukaguzi wa kawaida," alisema. "Hakuna haja ya maneno mengi."

"Andika hivi," wifi aliniambia. "Mfungaji hakuhesabu vifaa kabla ya kupiga muhuri. Mabegi sita yamefunguliwa. Weka namba ya koleo langu."

"Na aliyekichukua kibanio?" nikauliza. "Na aliyeshusha ubao? Na barua tatu?"

"Hayo yako kwenye faili lako, huko ndiko kwao. Ukurasa huu ni wangu."

Niliandika alivyosema, kwa hasira. Chini yake, kwa niaba yangu, niliongeza mstari mmoja: kibanio namba saba kilipatikana ofisi ya kumbukumbu, kikiwa kimebana fomu. Nikatia sahihi. Yeye akatia yake, mstari na nukta. Meneja alisoma kwa juu juu, akaondoka.

Jumatatu asubuhi alikuja mlangoni akiwa amevaa shati jipya na sura ya mtu ambaye wiki iliyopita haikuwahi kuwepo. Wifi alitoa koleo kwenye kifuko chake, akaliweka mezani, mpini ukimwelekea Meneja.

"Hili hapa. Humo sikukikuta."

Meneja alilitazama. Nyuma ya wifi parachuti sita zilikuwa bado zinaning'inia, na fundi mwingine mwenye leseni yuko mwendo wa siku nzima kutoka kwetu.

"Acha utani, Mama Uzi. Anza kazi."

"Utani ulikuwa wa nani?"

Meneja alilisukuma koleo limrudie.

"Basi nipe ufunguo wa chumba hiki."

Meneja alijikuna shingo, akatoa fungu lake la funguo. Kitasa kilikuwa kimewekwa tangu wapaka rangi walipomaliza, ila hakuna aliyekuwa amempa ufunguo. Akachomoa ufunguo mmoja, akaweka mezani.

"Na wa pili?"

"Wa pili nabaki nao mimi. Wa dharura."

"Mambo ya dharura humu nashughulika nayo mimi," wifi alisema. "Ndiyo kazi uliyonikuta nayo."

Ufunguo wa pili ulichukua muda kuchomoka kwenye pete, au labda ni vidole vyake tu. Aliuweka kando ya ule wa kwanza, akaondoka. Wifi alilirudisha koleo kwenye kifuko. Nilidhani atafurahi, lakini alivuta parachuti ya kwanza kutoka ukutani, akaitandaza, akaanza upya kazi aliyokwisha ifanya vizuri siku tano zilizopita. Safari hii, kabla ya kila muhuri, alitazama ubao na pia akahesabu kwa mdomo, moja mpaka kumi, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea. Mpaka leo anahesabu hivyo. Anasema macho yalikwisha mdanganya mara moja.

Wale wageni walikuja Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa kwenye dirisha la kupokelea, nawakabidhi mabegi, kila mmoja anatia sahihi. Yule bwana wa kwanza, aliyeniuliza kama sisi ni watu wazima, alifika akiwa bado amenuna.

"Leo imefungwa, au kuna mtu amepoteza tena kitufe?"

"Imefungwa," nilisema. Niligeuza begi, nikamwonyesha pini, na uzi mwekundu, na kile kipande cha risasi chenye namba. "Hapa unatazama muhuri kabla ya kusaini."

"Sawa, sawa," alisema, akasaini huku akitazama nje, ambako Unyoya alikuwa anawaita. Alitupia begi begani na kwenda zake. Muhuri hakuutazama.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu, amekumbatia begi linalosubiri kufungwa. Aliona. Alimfuata kwa macho mpaka alipoingia kwenye ndege, kisha akageuka, akarudi chumbani kwake, nikasikia ufunguo ukizunguka kwa ndani.